Bili ya Zahanati

Ukitaka kujua hali ya jengo la umma kabla hujapanda ngazi kutazama dari, omba bili zake za maji za miezi 12 iliyopita. Zipange mezani kwa mfululizo, kisha tazama safu moja tu, ile ya uniti zilizotumika. Zahanati inayohudumia kijiji kilekile, yenye watumishi walewale, haina sababu ya kutumia uniti 15 mwezi Machi na uniti 58 mwezi Agosti. Wagonjwa hawajaongezeka karibu mara nne. Kuna bomba limepasuka mahali, au floti ya tangi imekatika, au koki ya choo cha wagonjwa inavuja usiku kucha na hakuna aliyeona kuifunga ni kazi yake.

Bili ya Agosti haikufichwa. Ilimfikia mganga mfawidhi, ikapita kwa mhasibu, ikaingia kwenye malipo au kwenye orodha ya madeni, na jumla yake ikasomwa mbele ya kamati. Kila aliyeishika aliisoma kama dai la fedha, akauliza fedha zipo au hazipo. Hakuna aliyeisoma kama taarifa ya ukaguzi wa jengo. Na ni taarifa ya ukaguzi hasa: huja kila mwezi, huandaliwa na mtu wa nje asiye na sababu ya kuipamba zahanati, na huonyesha kwa namba kwamba ndani ya kuta zile kuna kitu kimeharibika. Halmashauri zetu hupokea taarifa za namna hii kwa kila shule, kila kituo cha afya na kila ofisi ya kata iliyounganishwa na bomba, kisha huzitoboa matundu na kuzifunga kwenye faili la hati za malipo. Ninachotaka kusema katika sura hii ni kwamba diwani anayejifunza kuisoma bili hiyo ana mkononi nguvu ya usimamizi ambayo hakuna sheria iliyomnyang'anya, na ambayo mabaraza mengi hayajawahi kuitumia.

Tuanze na dira yenyewe, maana wengi tunaiachia mamlaka ya maji kana kwamba haituhusu. Dira nyingi za majumbani na za taasisi ndogo zina namba nyeusi na namba nyekundu. Nyeusi ni uniti, yaani mita za ujazo. Nyekundu ni lita ambazo bado hazijatimia uniti. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Pembeni ya namba kuna kigurudumu kidogo, mara nyingi chenye umbo la nyota au pembetatu, kinachozunguka hata maji yakipita kwa uzi mwembamba. Fundi mzoefu hukitazama hicho kwanza. Funga koki zote za jengo, hakikisha tangi limejaa, kisha kiangalie. Kikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali usipopaona.

Zahanati isiyolaza wagonjwa inaweza kufanya kipimo kizuri zaidi bila kununua chochote. Namba ziandikwe saa 12 jioni mlango unapofungwa, zisomwe tena saa 12 asubuhi. Tuseme zimesogea lita 720. Hiyo ni lita moja kwa dakika, mchirizi ambao ukiuona kwenye sinki hautakushtua. Kwa mwezi wa siku 30, usiku na mchana, unafika lita 43,200, yaani uniti 43, na hiyo ndiyo tofauti ya Machi na Agosti niliyoitaja hapo juu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,700 kwa uniti, mchirizi huo unakula shilingi 73,440 kwa mwezi, au shilingi 881,280 kwa mwaka.

Uhamishie mchirizi huo kwenye shule ya msingi yenye wanafunzi 500. Chini ya mpango wa elimu bila malipo ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake haifiki shuleni kama fedha kwa sababu hukatwa kwa ajili ya vitabu. Hata tukiihesabu yote ni shilingi milioni 5. Koki moja inayovuja nyuma ya vyoo inachukua karibu shilingi 18 katika kila 100 za shule hiyo. Mwalimu mkuu anayelalamika kwamba hana fedha za chaki wala karatasi za mitihani anasema kweli. Lakini sehemu ya fedha hizo imemwagika ardhini umbali wa hatua chache kutoka ofisini kwake, na imeandikwa kwenye bili aliyoisaini mwenyewe.

Fedha ni nusu ya hasara. Lita 1,440 kwa siku lazima ziende mahali. Bomba likipasuka chini ya jamvi, maji hupenya chini ya sakafu hadi kwenye msingi. Dalili ya kwanza ni unyevu ukutani, kama futi moja kutoka chini, rangi ikianza kubanduka. Inafuata plasta, ambayo huvimba, hulia tupu ukiigonga kwa kidole, kisha hudondoka. Penye udongo mweusi wa mbuga, kama ulivyo sehemu nyingi za Shinyanga na Simiyu, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu udongo ule huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Upande mmoja wa jengo ukilowa mwaka mzima na mwingine ukabaki mkavu, msingi unanyanyuka upande mmoja, na ufa unapanda kutoka kona ya dirisha hadi kwenye linta. Hapo fundi bomba hatoshi tena. Anaitwa mhandisi wa halmashauri, anaandika makadirio, na makadirio yanakwenda kupanga foleni kwenye bajeti pamoja na mengine mia.

Paa nalo huharibika kwa mwendo uleule wa polepole. Bati hushikwa kwenye papi kwa misumari yenye kofia, na chini ya kofia hukaa raba ya kuzuia maji. Mchana jua hulitanua bati, usiku baridi hulisinyaza. Miaka ikipita msumari unalegea, raba inapasuka, na panabaki tundu dogo kuliko punje ya mchele. Maji ya mvua yakiingia hapo hayadondoki papo hapo. Hufuata papi, huteremka na kenchi, hutua juu ya dari hatua kadhaa kutoka yalipoingilia. Kwa hiyo ubao wa dari ukianguka juu ya dawati, watu hubadilisha ubao, na tundu linabaki. Mbao zilizolowa ndizo mchwa na uozo huzianza. Jengo lisilo na gata lina adha nyingine: maji yanayomwagika kutoka batini huchimba mtaro sambamba na ukuta mpaka mawe ya msingi yanabaki wazi. Zunguka nyuma ya madarasa ya shule yoyote kongwe utayaona. Kinachouma ni kwamba maji hayohayo, yangekingwa na gata na kuingizwa kwenye simtanki, yangesafisha vyoo miezi yote ya masika na kuipunguza bili tunayoizungumzia.

Fundi mmoja mwenye ngazi, nyundo, kilo chache za misumari na mkebe wa gundi ya kuziba matundu angelimaliza paa hilo kwa siku moja kabla ya vuli. Swali ni nani alipaswa kumtuma.

Katika halmashauri ya wilaya, baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukutana kila mwezi. Ipo pia Kamati ya Elimu, Afya na Maji, na ile ya Ujenzi, Uchumi na Mazingira. Kwenye karatasi, jengo la zahanati na bili yake vina walezi wa kutosha. Tatizo liko kwenye ratiba ya ziara. Kamati hizi hutoka kila robo kukagua miradi, na mradi maana yake ni kitu kinachojengwa. Msafara unasimama kwenye boma la darasa lililofika usawa wa linta, waheshimiwa wanapima unene wa tofali, wanahesabu nondo, wanadai risiti za saruji. Ni maswali mazuri na yamewahi kuokoa fedha nyingi. Lakini jengo likishaezekwa, likapakwa rangi na kuzinduliwa, linatoka kwenye ratiba. Linarudi siku limeezuliwa na upepo au limefungwa na bwana afya, na wakati huo linarudi kama mradi mpya wenye fungu jipya.

Sidhani madiwani ni wazembe kuliko watu wengine. Wanaombwa kura kwa kuulizwa wamejenga nini. Taarifa ya utekelezaji ya halmashauri huhesabu madarasa mapya, matundu mapya ya vyoo, vituo vipya. Haina mahali pa kuandika kwamba mwaka huu paa halikuvuja. Mkurugenzi anapimwa kwa namba hizo, afisa mipango anaziandaa, na chama kinachotawala kinazisoma jukwaani.

Tumeshalipia tabia hii zamani, kwa bei kubwa. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, na lengo lake lilikuwa kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya mita 400 kufikia 1991. Mwananchi wa kijijini hakutozwa kitu. Mabomba yalitandazwa na pampu zikafungwa, nyingi kwa msaada wa nchi za nje, na kazi ile ilikuwa ya heshima. Lakini mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa, zikaja kurudi 1984. Kwa miaka 12, ndani ya kipindi hichohicho cha kujenga kwa kasi, wilaya haikuwa na halmashauri yake ambayo ingemkalisha mhandisi na kumuuliza pampu ya mwaka juzi inaendeleaje. Mwaka 1991 ulipofika lengo halikuwa limetimia, na Sera ya Maji ya mwaka huo ikaanza kuzungumzia wananchi kuchangia gharama. Sera ya 2002 ikaenda mbali zaidi, ikataka jamii zibebe uendeshaji na matengenezo ya miradi yao. Hata hivyo utafiti uliotolewa na WaterAid mwaka 2009 uliona kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vijijini nchini havikuwa vikifanya kazi, na kwamba hata katika vile vilivyokuwa na umri wa miaka miwili tu, robo ilikuwa imeshakufa. Miaka miwili ni umri ambao rangi ya kibao cha uzinduzi bado inang'aa.

Sasa tunayo majengo mapya mengi kuliko wakati wowote. Mwishoni mwa 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3 uliokuwa wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, kila moja likikadiriwa shilingi milioni 20. Yaliondoa adha ya kweli, na watoto waliokuwa wakipokezana vyumba walipata pa kukaa. Lakini madarasa yaliyozaliwa pamoja yatachakaa pamoja. Raba za misumari yake zitapasuka msimu mmoja, rangi itapauka msimu mmoja, bawaba za milango zitalegea msimu mmoja. Mwaka 1990, kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani iliyochunguza majengo ya umma ilishauri zitengwe fedha za matengenezo za kati ya asilimia 2 na 4 ya thamani ya kulijenga jengo upya, kila mwaka. Tuchukue kiwango cha chini. Asilimia 2 ya milioni 20 ni shilingi 400,000 kwa darasa. Kwa madarasa 15,000 ni shilingi bilioni 6 kila mwaka, milele, kwa majengo ya mradi mmoja tu. Ningependa kila diwani aiulize halmashauri yake: yale yaliyojengwa kwetu yalikuwa mangapi, na laki nne za kila moja ziko kwenye kifungu gani?

Mwananchi naye ana bili yake nyumbani, na malalamiko yake yana jina analolijua kila mtu: kubambikiwa. Yapo ya aina tatu, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni makadirio. Msoma mita hakufika, au alikuta geti limefungwa, akakisia. Mwezi unaofuata namba halisi inakuja kwa mkupuo na mtu anadaiwa uniti za miezi mitatu kwa pigo moja. La pili ni kuvuja ndani ya uzio, baada ya dira, ambako ni kwa mteja mwenyewe na dira haina kosa. La tatu ni hewa. Penye mgao, bomba likikauka hujaa hewa. Maji yakirudi huisukuma mbele yake, na hewa ikipita kwa kasi kwenye dira ya kawaida huizungusha vilevile. Watu husema dira inasoma upepo. Hawazushi. Kinachoitibu ni valvu za kutolea hewa kwenye mtandao, na zaidi ya hizo, maji yasiyokatikakatika.

Mwenye shaka na dira ana haki ya kudai ipimwe, na Wakala wa Vipimo una kituo cha kuhakiki dira za maji Misugusugu, mkoani Pwani. Malalamiko yasiyomalizwa na mamlaka yanaweza kupelekwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Njia zipo. Lakini mama mwenye genge, aliyekatiwa maji Ijumaa, haendi EWURA. Anakwenda kwa diwani wake, kwa sababu ndiye anayemjua kwake.

Na diwani, kwa sheria ya sasa, hana amri juu ya anayemkatia. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kuanzia Julai mwaka huo wahandisi wa maji wa wilaya waliondoka chini ya wakurugenzi wa halmashauri wakawa watumishi wa wakala huo, ulio chini ya Wizara ya Maji. Mamlaka za maji za mijini nazo zina bodi zake. Vijijini huduma huendeshwa na vyombo vya watumia maji vinavyosimamiwa na RUWASA. Sababu za mabadiliko hayo zilikuwa nzito, maana miradi mingi ilikuwa imekwama na wataalamu walikuwa wametawanyika bila kuwajibika kwa mtu mmoja. Meneja wa RUWASA huja barazani na kusoma taarifa yake, waheshimiwa humfokea kwa niaba ya wananchi wao, naye hujibu kwa adabu. Akitoka mlangoni, anayempangia kazi yuko kwingine.

Wapo wanaodhani dawa ni kuzirudisha mamlaka za maji kwa halmashauri. Kenya imejaribu kitu kinachofanana: Katiba ya 2010 iliikabidhi huduma ya maji kwa serikali za kaunti, na kampuni za maji zikawa mali ya kaunti. Mabunge ya kaunti yanaweza kuwaita mameneja na kuwahoji. Pamoja na hayo, ripoti za WASREB, msimamizi wa sekta hiyo, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni hizo hayaleti mapato, ingawa zipo chache, Nyeri ikiwemo, zilizofanya vizuri kuliko hapo. Na anayedhani dawa ni kampuni binafsi akumbuke City Water ya Dar es Salaam, iliyoanza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10 na kuondolewa 2005, makusanyo ya bili yakiwa yameshuka badala ya kupanda. Mwendeshaji alibadilika, lakini bado mtu alitakiwa kwenda kwenye kila dira kuisoma sawasawa, na kazi hiyo ikamshinda.

Mimi naona diwani aanzie pale ambapo hahitaji kuomba mamlaka kwa mtu. Halmashauri ni mteja wa maji, na katika wilaya nyingi ni miongoni mwa wateja wakubwa. Shule, hospitali ya wilaya, vituo vya afya, soko, stendi, machinjio, ofisi yenyewe ya mkurugenzi, vyote vina dira. Kwenye dira hizo baraza ndilo mwenye nyumba, na madeni ya taasisi za umma ni moja ya mizigo mikubwa ya mamlaka za maji, kama ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinavyokumbusha mara kwa mara. Fuata mzigo huo unapokwenda. Hospitali haijalipa, mamlaka inakosa fedha za kubadilisha mabomba yaliyochoka, maji yanapotelea ardhini, mgao unaongezeka, hewa inajaa kwenye mabomba, na dira ya mama wa genge inasoma upepo. EWURA imeweka asilimia 20 kuwa kiwango cha upotevu kinachovumilika, na mamlaka nyingi zimekuwa zikikivuka. Dar es Salaam iliwahi kukaribia nusu. Mamlaka ikienda kuomba bei mpya, gharama ya upotevu inaingia kwenye hesabu, na mwisho wake inalipwa na yule anayelipa kila mwezi bila kukosa. Diwani anayetetea wapiga kura wake dhidi ya bili kubwa huku choo cha hospitali ya halmashauri yake kikimwaga maji yasiyolipiwa, anatetea kwa mkono mmoja na kuumiza kwa mwingine.

Nafasi nyingine asiyohitaji kuiomba ni mkutano wa taftishi. Kabla bei haijapanda, EWURA hukusanya maoni ya wananchi, na halmashauri inaweza kupeleka yake kwa maandishi. Baraza lililokwisha kulipa madeni yake na kuziba mabomba yake litakuwa na haki ya kusimama pale na kuuliza kwa sauti kubwa: upotevu wenu ni kiasi gani, na mnataka sisi tuulipie mpaka lini?

Lipo jambo la hesabu za mwaka ambalo waheshimiwa wengi hawaambiwi. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, hupigiwa makofi, na inastahili, kwa sababu hesabu zake zimeandaliwa sawasawa. Hati hiyo haisemi kwamba mabati ni mazima. Mkaguzi ametoa maoni juu ya hesabu. Zahanati yenye ufa ukutani inaweza kuandikwa kwenye hesabu safi kabisa. Lakini ndani ya hesabu hizohizo kuna mistari miwili inayofaa kusomwa pamoja. Mmoja ni uchakavu wa majengo, ambao kwa mfumo wa kihasibu unaotumiwa na serikali sasa huandikwa kila mwaka. Unaonyesha thamani kiasi gani imepungua. Mwingine ni matumizi ya ukarabati na matengenezo. Wa kwanza hauhamishi hata senti, ni kalamu ya mhasibu tu. Ukikuta wa kwanza una mamilioni mengi na wa pili una laki chache, baraza limepewa kwa maandishi kasi ambayo mali yake inaliwa. Mwulize mweka hazina mbele ya kikao kwa nini mistari hiyo imeachana kiasi kile, na jibu lake liingie kwenye muhtasari.

Rejesta ya mali ndiyo inayokwenda na swali hilo. Jengo ambalo halimo kwenye rejesta halina mwaka wa kujengwa, halina thamani, na haliwezi kuombewa matengenezo. Nyumba za walimu zilizojengwa kwa nguvu za wananchi na zahanati zilizoachwa na wafadhili ndizo hupotea mara nyingi. Mtendaji wa kata anaweza kuzihesabu kwa wiki moja.

Kwa vituo vya afya kuna habari njema ambayo haijatumiwa vya kutosha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji huingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wananchi ndani yake, hupanga matumizi. Kamati hiyo haina haja ya kusubiri baraza la Novemba ili koki ibadilishwe Agosti. Inachohitaji ni kujua kwamba koki inavuja, na namba za kuijulisha ziko kwenye dira iliyo nje ya dirisha.

Kwa hiyo inunuliwe kaunta buku, moja kwa kila jengo lenye dira. Mtu mmoja mwenye jina, mlinzi au mhudumu, aandike namba kila Jumatatu asubuhi, nyeusi na nyekundu, na kila mwisho wa mwezi asome jioni na asubuhi. Msoma mita akija, asome mbele yake na wote wawili wasaini. Kila robo mwaka, Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na ambayo walimu wakuu na waganga wafawidhi huhudhuria, ipokee ukurasa mmoja: uniti za kila jengo kwa miezi mitatu, na maelezo ya kila ongezeko. Ukurasa huo uambatishwe kwenye taarifa ya kata inayosomwa barazani. Ziara ya kamati ya robo inayofuata ipangiwe jengo moja la zamani kwa kila jipya, na waheshimiwa waingie na ngazi, wapande, watazame misumari. Kamati ya zahanati ikimaliza muda wake, kaunta buku likabidhiwe kwa kamati mpya siku ileile na funguo za stoo, likiwa na namba ya siku hiyo iliyosomwa na pande zote mbili.